Safari ya Kiangazi Hupangwa na Mwenyeji

Kila inapokaribia Julai, mvua ikiwa imekwisha kuiaga nchi na shule zikiwa karibu kufunga milango yao hadi Septemba, barabara itokayo Bujumbura kwenda kusini kandokando ya Ziwa Tanganyika huanza kubeba wasafiri ambao katika miezi mingine ni adimu kuonekana: ahali nzima ndani ya gari moja, baba na mama mbele, watoto na bibi yao nyuma, magodoro juu ya paa, na miongoni mwao, aghalabu, jamaa mmoja au wawili waliotoka Ubelgiji, Uholanzi au Kanada kwa azma ya kuwaonyesha watoto wao ziwa walimojifunza kuogelea wao wenyewe. Wengine huishia Rumonge; wengine hufika kwetu Nyanza-Lac; na wenye wasaa na masurufu ya kutosha hupanda milima ya Mabanda, wakavuka mpaka wa Mugina na Manyovu, wakateremkia Kigoma na Ujiji, na kutoka hapo Mungu ndiye ajuaye kama watakomea Tabora au Dar es Salaam. Ni safari njema, na sina nia ya kumvunja moyo hata mmoja wao. Walakini nasema kwamba safari hiyo hupangwa vibaya, si kwa uvivu wa wapangaji, maana hukesha usiku na madaftari yao, bali kwa sababu hupangwa na mtu asiye na haki ya kuipanga peke yake. Mwenye gari huipanga, na mwenye nyumba hapewi habari.

Mwenye gari hukaa mezani akahesabu masafa, na hesabu yake ni sahihi: kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita 75 hivi, na kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac ni hamsini na ushei, jumla ambayo haifikii hata theluthi ya njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kwa hiyo huandika kwa yakini kwamba ataondoka alfajiri, atakunywa chai Rumonge, na adhuhuri itamkuta kwa shangazi yake Nyanza-Lac. Hesabu hiyo ingemfaa katika nchi ya tambarare. Barabara yetu imebanwa baina ya mlima na maji, hata mahali pengine gari likipishana na lori abiria wa upande mmoja hutazama mwamba na wa upande wa pili hutazama mawimbi. Miteremko ya Gitaza huporomoka mvua ikizidi, na ziwa lenyewe, ambalo halina mlango wa kutolea maji yake ila mto Lukuga upande wa Kongo, lilipanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu wa ufukweni na katika bustani za hoteli zilizokuwa zikisifiwa kwa ukaribu wao na maji. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi mmoja wenye miguu miwili: kilomita 45 za kutengenezwa baina ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi, na kilomita 260 upande wa Tanzania, kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu. Serikali mbili, zenye mawaziri wao, wanasheria wao na mafaili yao, ziliweza kukaa pamoja na kuipanga njia kutoka ncha zake mbili. Ni ajabu kwamba mpwa na shangazi yake hawawezi.

Petroli ni mlango wa pili wa mashaka. Kwa miaka kadhaa sasa mafuta ya gari nchini Burundi yamekuwa bidhaa ya kuviziwa: magari hulala foleni mbele ya vituo, habari za lori lililofika huenea mtaani kabla dereva wake hajazima injini, na bei ya chupa iuzwayo kwa siri hutegemea uso wa mnunuzi. Mpangaji hodari hujaza tangi mjini akabeba na dumu la akiba, jambo la hatari katika gari lenye watoto na jua la Agosti, lakini sitamlaumu. Nitakayemlaumu ni yule anayehesabu petroli ya kwenda bila ya kuhesabu ya kurudi, akijiambia kwamba huko ana watu wake na hawatamwacha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu mgeni wa namna hiyo siku ya tatu hupewa dumu, naye hazunguki nalo peke yake, maana hawajui wauzaji wala wauzaji hawamjui: huzunguka na kijana wa nyumba, ambaye siku hiyo hakwenda shambani wala ziwani, na jioni wote wawili hurudi na lita tano na hadithi ndefu. Thamani ya siku ya kijana yule haimo katika daftari la mwenye gari.

Ila hakuna mahali ambapo elimu ya mpangaji hupungua kuliko katika habari ya samaki. Hakuna ajaye huku asiyekuwa na mukeke akilini, yule samaki mwembamba mwenye ubavu unaong'aa ambaye jamaa zetu wa Kigoma humwita mgebuka, aliyechomwa kwa makaa na kuletwa pamoja na ndizi za kukaanga, au aliyetiwa katika mawese na nyanya chungu akaliwa kwa ugali wa muhogo. Na hakuna mtoto wa ng'ambo ambaye hakuahidiwa kwamba atakula ndagala, yaani dagaa, wabichi waliotoka majini usiku uleule. Ahadi hizo hutolewa bila ya ziwa kuulizwa hali yake. Nchi nne zinazoligawana, yaani Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ziliona kwamba samaki wanapungua, zikakubaliana mwaka 2021 juu ya kulipumzisha kwa muda wa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tazama tarehe hizo pamoja na kalenda ya shule. Kipindi kama hicho kikitangazwa, majuma yaleyale ambayo familia ya mjini imeyatenga kwa ajili ya kula samaki ndiyo majuma ambayo nyavu zimetundikwa, mitumbwi imepinduliwa mchangani ikizibwa nyufa, na mvuvi, ambaye mfuko wake hujazwa na usiku wa kazi, hana usiku wa kazi. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba ziwa lastahili mapumziko yake, na kwamba wajukuu wetu watatushukuru kwayo. Lakini mapumziko ya ziwa ni njaa ya mwalo, na mgeni anayekuja kustarehe mwaloni katika siku hizo inampasa ajue anakaa mezani pa nani.

Na hata ziwa likiwa wazi, lipo sharti la mwezi wa mbinguni. Ndagala huvuliwa gizani kwa taa: vipe, yaani mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, na wakubwa wao waitwao apollo, hutoka jua likizama, taa zikawashwa katikati ya maji, na samaki wakaifuata nuru mpaka juu ya wavu ulioteremshwa chini kuwangoja. Mbalamwezi ikitawala, nuru ya taa haina nguvu, na wavuvi hubaki nyumbani siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, wakishona nyavu na kulala kama watu wengine. Pepo za kusi, ambazo katika kiangazi huvuma kwa nguvu, nazo zina usiku wao wa kukataza. Mpangaji ambaye kwa muda wa miezi mitatu hutazama bei ya tiketi ya ndege kila asubuhi hashindwi kuitazama kalenda ya Hijria iliyotundikwa katika duka lolote la Rumonge, akajua kwamba tarehe 14 na 15 za mwezi mwandamo si siku za kumleta mtoto ufukweni kutazama taa za wavuvi.

Basi mtazame mwenyeji. Simu hulia saa sita mchana, siku ya Jumatano mwezi wa Julai, nyavu zikiwa zimetundikwa.

"Shikamoo, shangazi. Tumekwisha kuipita Rumonge, tunakuja kukusalimia."

"Marahaba, baba. Karibuni sana. Mko wangapi?"

"Tuko tisa tu. Usijisumbue, shangazi."

Shangazi huiweka simu chini akajisumbua. Humtuma mtoto kwa jirani kuazima sufuria kubwa, ile iliyovunjika mkono mmoja ambayo mtaa mzima huitumia katika arusi na matanga. Huhesabu mikeka, akaona mitatu, akaagiza miwili. Huzitoa shuka mpya zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya binti anayetarajia kuolewa, akazipiga pasi ya makaa. Hupeleka sokoni faranga alizokuwa ameziweka kwa ajili ya madaftari ya Septemba, zikarudi kuku wawili, kwa sababu mukeke aliyepo ni wa barafu na bei yake haisemeki. Na muhogo mkavu uliokuwa ukisubiri zamu yake kinuni hutwangwa wote alasiri ileile. Wageni hufika saa kumi na moja, wala si saa nane kama walivyosema, maana walisimama njiani kupiga picha. Hula, husifu, huipiga picha na sahani. Mtoto mmoja huuliza kwa Kifaransa, na baba yake akamfasiria kwa haya, kwa nini hakuna samaki penye ziwa kubwa namna hii. Shangazi hacheki wala hanuni. "Samaki nao wamekwenda likizo, mjukuu wangu," humjibu, akamwongezea paja la kuku. Siku ya pili, baada ya chai, wageni huondoka wakimwachia chupa ya manukato ya Brussels, ambayo ni zawadi nzuri, na haipikiki.

Kwa nini hasemi? Katika pwani hii mlango haufungwi mbele ya jamaa, na sababu yake haikuanzia katika adabu peke yake. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, na mauaji ya kulipiza yaliyoenea baadaye katika nchi nzima yakawachukua watu wengi mno kuliko wale wa kwanza. Waliosalimika katika vijiji vya huku walipita usiku, kwa miguu na kwa mitumbwi, kwenda Kigoma, na baadaye wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako walifyeka pori, wakalima, wakazaa watoto walioijua Nyanza-Lac kwa masimulizi ya jioni. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwa wale wa 1972 na vizazi vyao. Wengine, makumi ya maelfu, walirejea, hususan kuanzia mwaka 2008, wakaikuta michikichi ya wazazi wao mikononi mwa watu wengine ambao nao walikuwa wamekwisha kuzaa na kuzika hapo. Mashauri ya ardhi yaliyotokana na hali hiyo yamekula miaka na urafiki wa majirani, na zipo nyumba katika mitaa yetu ambazo kiwanja chake ni nusu ya kiwanja, na shamba lake ni nusu ya shamba, kwa sababu wenye hati na wenye kaburi walipatanishwa kwa kugawana. Hiyo ndiyo nyumba ambayo gari la watu tisa husimama mbele yake. Mwenye nyumba haoni likizo ya mtu. Humwona mtu ambaye zamani alihesabiwa miongoni mwa waliopotea, au mtoto wa mtu huyo, na mtu wa namna hiyo haulizwi ataondoka lini wala kama amebakiwa na petroli ya kurudia. Maadamu mwenyeji hawezi kuuliza, swali limekuwa deni la mgeni, na wakati wa kulilipa ni Mei au Juni, kwa simu ndefu ya jioni isiyo na haraka: ziwa limefungwa au li wazi, nani anaumwa, arusi ya nani inaangukia juma lipi, vyumba viko vingapi, na je, tuje watu tisa pamoja, au wanne sasa na watano Agosti?

Najua nitapingwa na wazee katika nitakalolisema sasa, nami nawatakia siha njema. Kulala katika nyumba ya wageni si kuikana damu. Ada yetu yasema kwamba jamaa akilala hotelini katika mji wenye nyumba ya jamaa yake, nyumba ile imeaibika, na watu watasema. Nami najibu kwamba watu watasema siku mbili, lakini daftari la madeni la mwenye duka litasema mpaka Desemba. Mgeni na ale kwa shangazi, akae kibarazani hadi usiku, asimulie na asimuliwe, kisha awachukue watoto wake wakalale mahali pa kukodi, na asubuhi arejee na mkate wa kutosha nyumba nzima. Nyumba za wageni za Rumonge na Nyanza-Lac, nyingi zao, si za anasa: maji pengine huletwa kwa ndoo, umeme una hiari yake, na chandarua afadhali ukikague kabla taa haijazimwa. Lakini faranga inayolipwa pale humfikia mfuaji, mpishi na mlinzi, ambao ni watoto wa mtaa uleule. Kwa upande wa masurufu, na yatangulie badala ya kufuata: fedha zitumwe kwa simu, kwa Lumicash, majuma mawili kabla, na katika gari upakiwe mchele, sukari, sabuni na chumvi. Mafuta ya kupikia mtu asilete Rumonge.

Nimesema Rumonge, na hapo ndipo mwenye gari anapodhulumu nafsi yake mwenyewe kwa kuupa mji ule muda wa chai tu. Mtoto wa Bujumbura ambaye amekula mawese tangu kuachishwa ziwa la mama hajui yatokako, na hakuna shule itakayomfundisha vizuri kuliko saa moja penye kinu. Ataona vishada vilivyokatwa vikipasuliwa kwa shoka, tunda moja moja likitengwa na miiba yake na wanawake ambao vidole vyao havitazami. Ataona matunda yakichemshwa katika mapipa ya chuma mpaka yalainike, kisha yakitiwa katika kinu cha kukamulia ambacho vijana wawili hukizungusha kwa mtaimbo mrefu wakikizunguka kifua mbele, na uji mwekundu ukichuruzika chini. Ataona uji ule ukirudishwa motoni hata mafuta yakajitenga na maji, yakatekwa juu kwa kata na kutiwa katika madumu ya njano. Makapi ndiyo kuni za pipa linalofuata, na kokwa huanikwa kando, maana nazo zina mafuta yake, ya kutengenezea sabuni. Joto la pale ni kubwa na moshi haumchagui mgeni. Mwenye kutaka picha aombe idhini kwanza, na anunue lita yake.

Vituo vingine ni vya kuchagua kwa kadiri ya siku. Mugere, kilomita kumi hivi kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaowaambia watoto kwamba hapo ndipo wawili wale walipokutana. Sivyo, walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kutaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakauona unaingia, na kwa kuona huko tumaini la waliodhani kwamba Nile huanzia upande huo wa Tanganyika likakatika. Mtoto aliyeipata habari hiyo penye jiwe ataifurahia zaidi akipelekwa siku nyingine Rutovu, katika milima ya Bururi, ambapo Mjerumani Burkhart Waldecker alisimamisha piramidi ndogo mwaka 1938 juu ya chemchemi aliyoihesabu kuwa ya kusini kabisa katika zote zinazoulisha Nile. Na wazazi wabebe masweta, kwa kuwa baridi ya Julai ya huko juu huwashangaza waliokuja na nguo za ufukweni. Yapo maji ya moto ya Mugara, karibu na Rumonge. Upo msitu wa Kigwena, kipande cha asili kilichosalia baina ya Rumonge na Nyanza-Lac, penye kivuli kinachotosha chakula cha mchana. Ama kuogelea, muulize mwenyeji mahali na saa. Mamba aliyeitwa Gustave, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimsaka kwa miaka mingi, alipata umaarufu hata akaingia katika filamu. Mamba wasio na majina na viboko wasiojulikana ng'ambo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuonya juu yao.

Wanaoendelea hadi Tanzania wajue kwamba barabara haifuati maji baada ya hapa kwetu. Ziwa huendelea kusini kwenye vijiji vya wavuvi na kwenye hifadhi ya Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwatazama sokwe, na Gombe haina barabara ya gari: hufikiwa kwa boti kutoka Kigoma. Gari hupanda Mabanda, likaenda Mugina, na hapo huingia katika ulimwengu wa hati. Kadi za njano ni mbili, na wasafiri huzichanganya: moja ni ya mwili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ya pili ni ya gari, bima ya kuvukia mpaka. Mzazi anayesafiri na watoto bila ya mwenziwe achukue idhini ya maandishi. Ramani za zamani na baadhi ya karatasi bado zinasema mkoa wa Makamba na mkoa wa Rumonge, ilhali mwaka 2025 Burundi ilibaki na mikoa mitano badala ya kumi na minane, na Nyanza-Lac sasa imo katika Burunga. Afisa wa forodha akiuliza, jibu la sasa ndilo la salama. Saa nne ya Mugina ni saa tano ya Manyovu, kwa hiyo anayepanga kuvuka alasiri amekwisha kupoteza saa nzima ya mwanga kabla hajapigiwa muhuri, na akipigiwa ataambiwa aendeshe kushoto, yeye ambaye tangu Bujumbura alikuwa akiendesha kulia. Mteremko wa kwanza baada ya Manyovu si mahali pa kujifunzia jambo hilo kwenye kiza. Alale Mabanda au Nyanza-Lac, avuke asubuhi.

Hapa nina dua moja kwa wenye mamlaka wa pande zote mbili. Tangazo la kufungwa ziwa huwafikia wavuvi, kwa sababu kuna faini. Haliwafikii wasafiri, kwa sababu hakuna anayewahesabu. Na lisomwe redioni Bujumbura na Kigoma tangu Aprili kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na siku ya kufunguliwa itajwe pia, maana majuma mawili ya mwisho ya Agosti, ziwa likiwa limefunguliwa na shule hazijafunguliwa, ndiyo majuma ambayo mgeni, mvuvi, mwenye nyumba ya wageni na shangazi wangenufaika wote kwa pamoja. Leo majuma hayo ni tupu. Wageni wamekuja Julai, wamekula kuku, wamerudi.

Kuondoka nako kuna siku zake. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja za maendeleo, na magari hayaruhusiwi, aghalabu, kutembea mpaka watu wamemaliza; msafiri ambaye ndege yake ni ya Jumamosi jioni na aondoke Ijumaa baada ya sala, au ashike jembe pamoja na mtaa, jambo ambalo mtaa utalikumbuka kwa wema. Shangazi hatakubali gari liondoke tupu, hata kama nyumba yake imebaki tupu, kwa hiyo nafasi ya shehena yake iachwe tangu siku ya kupanga: kishada cha ndizi, ndagala wakavu kama wapo, na dumu la mawese. Dumu lile lisimamishwe wima, lifungwe kwa kamba kwenye kona, na kifuniko chake kizungushiwe nailoni kabla ya kukazwa, kwa sababu mawese ya Rumonge yakimwagika juu ya kiti cha gari hayatoki kwa sabuni yoyote niijuayo, hata ile iliyotengenezwa kwa kokwa zake.